Deni la shahada ya bayolojia lipimwe kwa mshahara wa maabara, si wa udaktari

Mhariri,

Msimu wa kuchagua kozi ukiwadia, kurasa za magazeti hujaa orodha za kozi zinazolipa na zisizolipa. Bayolojia hukaa pande zote mbili. Orodha moja huipandisha kwa sababu ni njia ya kwenda udaktari, nyingine huishusha kwa sababu wahitimu wake wanazunguka na bahasha za maombi ya kazi. Kila moja ina ukweli wake, lakini hakuna inayomfaa kijana ambaye wiki ijayo anatakiwa kusaini fomu ya mkopo. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tueleze hesabu inayomfaa.

Msimamo wetu ni huu: deni la shahada ya kwanza ya bayolojia lipimwe kwa mshahara wa mtu aliyeishia kwenye shahada hiyo hiyo. Mshahara wa daktari, wa mfamasia au wa mtafiti mwenye uzamivu usiingie kwenye hesabu hata kidogo, hata kama mwanafunzi ameapa kwamba ndiko anakoelekea.

Tuanze na namba inayopotosha kuliko zote, yaani "wastani wa mshahara wa mhitimu wa bayolojia". Bayolojia ni shahada ya kupitia. Sehemu kubwa ya wanaoipata huendelea na masomo mengine, na wachache kati yao huishia kwenye taaluma zenye mishahara mikubwa sana. Mtafiti anapouliza watu walisoma nini shahada ya kwanza, daktari bingwa na fundi sanifu wa maabara wote hujibu "bayolojia". Chukua wahitimu kumi. Wanane wanapata 100 kwa mwezi na wawili wanapata 500. Wastani wao ni 180, na katika kumi hao hakuna hata mmoja anayepata 180. Ukiwapanga kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu, mtu wa katikati anapata 100. Huyo wa katikati ndiye wa kumtafuta, na katika ripoti za takwimu huitwa mediani. Ripoti ikitoa wastani peke yake bila mediani, iwekeni kando.

Kuna kasoro ya pili ambayo hata wasomi huipita. Marekani ina tovuti ya serikali iitwayo College Scorecard, iliyozinduliwa mwaka 2015, na tangu 2019 inaonyesha mapato na madeni kwa kila kozi ya kila chuo. Namba zake za bayolojia katika miaka ya mwanzo baada ya kuhitimu ni za chini kiasi cha kushtua, na walimu wengi wa sayansi huzilalamikia kwamba zinaionea kozi yao. Sababu ni namna zinavyohesabiwa: huchukuliwa wahitimu waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu, walio kazini, na ambao mwaka wa kupimwa hawako shuleni. Aliyeingia chuo cha udaktari anatolewa kwenye hesabu. Wanaobaki ni wale walioingia kazini na shahada ya kwanza mkononi. Ni kweli kwamba namba hiyo haionyeshi bayolojia inavyolipa baada ya miaka 15. Lakini mkopo haungoji miaka 15. Kwa mikopo ya serikali ya Marekani, makato huanza miezi 6 baada ya kutoka chuoni. Kwa mtu anayepima deni, hiyo namba "inayoionea bayolojia" ndiyo sahihi kuliko zote.

Sasa hesabu yenyewe. Tutatumia 1,000 ya sarafu yoyote, ili kila msomaji azidishe kwa deni lake mwenyewe. Mkopo wa 1,000 unaolipwa kwa miaka 10 kwa makato yaliyo sawa kila mwezi unadai hivi: riba ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ndiyo riba ya mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya, unalipa 10.12 kwa mwezi na jumla ni kama 1,215. Riba ikiwa asilimia 6.5, ambayo ni karibu sana na iliyotozwa na serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka wa masomo 2024/25, unalipa 11.35 kwa mwezi, jumla kama 1,363. Kwa asilimia 10 ni 13.22 na jumla 1,586. Kwa asilimia 15, riba ambayo benki za biashara hazioni haya kuitoza, ni 16.13 kwa mwezi na jumla 1,936, yaani karibu mara mbili ya ulichokopa.

Mkopeshaji atakuja na ushawishi wa kurefusha muda. Mkopo ule ule wa asilimia 6.5 ukilipwa kwa miaka 20 badala ya 10, makato yanashuka kutoka 11.35 hadi 7.46. Mfuko unapumua. Ila jumla inapanda kutoka 1,363 hadi 1,789. Kurefusha kunaweza kumwokoa mtu aliyekwama, lakini anayepanga tangu mwanzo kulipa kwa miaka 20 amejiambia mwenyewe kwamba deni ni kubwa kuliko kozi.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni riba inayokua mwanafunzi akiwa bado darasani. Mikopo mingine, serikali hubeba riba hiyo hadi mwanafunzi ahitimu. Mingine riba huanza siku fedha inapotoka. Chukua mkopo wa aina ya pili, 1,000 iliyogawanywa sawa kwa miaka 4, yaani 250 mwanzoni mwa kila mwaka, kwa asilimia 6.5. Ile 250 ya kwanza inakaa miaka 4 na kuzaa 65. Ya pili inazaa 48.75, ya tatu 32.50, ya nne 16.25. Ongeza miezi 6 ya nafuu kabla ya kuanza kulipa, ambayo watu hudhani ni zawadi: nayo inazaa 32.50. Siku ya makato ya kwanza deni si 1,000 tena, ni 1,195. Riba hiyo ikiunganishwa na deni la msingi, makato ya mwezi yanakuwa 13.57 badala ya 11.35. Mwanafunzi anayeweza kulipa riba peke yake akiwa chuoni, hata kwa vijisenti vya kazi za likizo, anaizuia 195 hiyo isizaliwe. Ulizeni swali hili kwa maandishi kabla ya kusaini: riba inaanza kuhesabiwa siku gani, na inaunganishwa na deni lini?

Baada ya hapo ndipo mshahara unapoingia. Kuna kanuni inayotajwa sana, kwamba deni lote lisizidi mshahara wa mwaka wa kwanza wa kazi. Kanuni si mbaya, ila watu wajue inamaanisha nini. Deni likiwa sawasawa na mshahara wa mwaka mzima kabla ya makato, kwa asilimia 6.5 na miaka 10, makato ya mkopo yanachukua asilimia 13.6 ya mshahara huo. Kwa asilimia 10 yanachukua 15.9. Kwa asilimia 15 yanafika 19.4, na hapo kodi, bima na mfuko wa hifadhi ya jamii bado havijagusa mshahara. Kwa bayolojia tunashauri kanuni kali zaidi: deni siku ya makato ya kwanza lisizidi nusu ya mshahara wa mwaka wa mtu wa katikati. Hapo makato ni kama asilimia 7 kwa riba ya 6.5. Ukali huo una sababu. Kazi za mwanzo katika fani hii mara nyingi ni za mkataba wa mwaka mmoja au miwili unaofuata ruzuku ya utafiti. Ruzuku ikiisha, mkataba umeisha, na mtu hukaa miezi bila mshahara huku tarehe ya makato haisogei.

Mfumo wa mkopo unaweza kubadili hesabu yote, na hapa makosa ni mengi kwa sababu watu huchukua ushauri wa nchi moja na kuutumia nyingine. Wanaoanza chuo England tangu Agosti 2023 hulipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40. Mwenye mshahara wa pauni 30,000 analipa pauni 450 kwa mwaka, awe anadaiwa 20,000 au 60,000. Kwake yeye ukubwa wa deni hauamui makato ya mwezi. Unaamua atalipa kwa miaka mingapi. Australia ilianza mtindo huu wa kulipa kufuatana na kipato mwaka 1989. Tanzania nayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa wanufaika walioajiriwa wa HESLB, bodi yake ya mikopo ya wanafunzi, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Kwa mfumo wa namna hiyo gawanya tu: deni lenye ukubwa wa mshahara wa msingi wa mwaka mmoja linaisha kwa miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8. Deni la mwaka mmoja na nusu linafika miezi 120. Faida yake ni kwamba deni halizai. Ugumu wake ni kwamba asilimia 15 haipungui kwa mwenye mshahara mdogo, na huyo ndiye mhitimu wa bayolojia wa mwaka wa kwanza.

Turudi kwenye udaktari, maana ndiko ndoto nyingi zinakopotelea. Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, waombaji wa mwaka 2023 walizidi 52,000 na walioanza masomo ya shahada ya MD walikuwa kama 23,000. Zaidi ya nusu walibaki nje mwaka huo, na hao ni wale waliofika hatua ya kuomba. Walioacha nia njiani baada ya kemia ogani kuwaangusha hawamo. Mpango unaosimama tu iwapo mtu ataingia kundi la wachache haufai kukopewa. Na kuna jambo ambalo washauri wa shule husahau kulisema: vyuo vingi vya udaktari vya huko havidai shahada ya bayolojia. Vinadai masomo fulani, yaani bayolojia, kemia ya jumla, kemia ogani, fizikia na mara nyingi biokemia. Mwanafunzi anaweza kuyapata masomo hayo ndani ya shahada ya sayansi ya maabara ya tiba au ya kemia, na mlango wa udaktari ukifungwa anabaki na taaluma inayoajirika.

Anayeendelea na masomo atofautishe njia tatu, kwa sababu gharama zake hazifanani kabisa. Uzamivu wa bayolojia katika vyuo vingi vya utafiti vya Marekani husamehe ada na kumlipa mwanafunzi posho. Ni ndogo, lakini hailetwi na deni jipya. Tatizo lake ni deni la zamani. Makato husimama mtu akiwa masomoni, riba haisimami kwa mikopo isiyobebwa na serikali. Ile 1,195 yetu ikikaa miaka 6 ya uzamivu kwa asilimia 6.5 inaongeza 466 na kuwa karibu 1,660 kabla hajalipa hata mara moja. Njia ya pili ni shahada za kitaaluma kama udaktari na meno, ambazo gharama yake humwangukia mwanafunzi. Sheria mpya ya Marekani ya mwaka 2025 inaweka kikomo cha mikopo ya serikali kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa shahada za kitaaluma, dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla kwa shahada nyingine za juu. Pengo litakalobaki watu watalikimbilia kwa mikopo ya kampuni binafsi, yenye riba kubwa na inayotaka mdhamini.

Njia ya tatu ndiyo tunayoiogopa: uzamili wa bayolojia wa jumla wa kujilipia, unaochukuliwa kwa sababu tu kazi imekosekana. Miaka miwili ya ada mpya, miaka miwili bila mshahara, riba ya deni la kwanza ikiendelea, kisha mtu anarudi kwenye foleni ile ile ya nafasi za maabara. Uzamili wenye jina la kazi ndani yake, kama takwimu za afya au epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa), ni jambo jingine.

Gharama kubwa isiyoonekana kwenye fomu yoyote ni mshahara ambao mtu hakuupata akiwa chuoni. Chukua kijana ambaye angeweza kuajiriwa leo kwa 70 kwa mwaka, na shahada itampa 100. Miaka 4 ya chuo inamnyima 280. Deni la 100 kwa asilimia 6.5 litamgharimu 136 kulilipa. Jumla ni 416, na shahada inamwongezea 30 kwa mwaka. Inachukua karibu miaka 14 ya kazi kurudisha. Kama bila shahada angepata 50, hesabu ni 200 na 136, jumla 336, na nyongeza ni 50 kwa mwaka: chini kidogo ya miaka 7. Tumeacha kodi na kupanda kwa mishahara ili njia ionekane. Shahada ile ile, deni lile lile, ila jibu limegeuka kwa sababu ya kile ambacho mtu angekuwa anafanya bila shahada. Ndiyo maana mwenye stashahada ya maabara aliye kazini tayari apige hesabu yake, asinakili ya mdogo wake aliyemaliza sekondari.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha hatari ya kuchelewa. Kurudia kemia ogani au fiziolojia iliyofunga masomo ya mwaka unaofuata huweza kuongeza mwaka mzima. Watu hulia na ada ya mwaka huo, ilhali hasara kubwa zaidi mara nyingi ni mshahara wa mwaka mmoja uliosogezwa mbele. Na aliye pabaya kuliko wote ni anayeacha chuo mwaka wa tatu: deni analo, shahada hana, na riba haijui tofauti. Mwanafunzi anayeona mwishoni mwa mwaka wa kwanza kwamba kemia inamshinda ahame kozi hapo hapo, wakati deni ni robo.

Mshahara wa kwanza nao unaweza kupandishwa, na hili liko mikononi mwa mwanafunzi kuliko wengi wanavyodhani. Matangazo ya kazi za mwanzo hayaulizi ekolojia ulipata alama gani. Yanauliza kama unaweza kuendesha vipimo vya PCR (vya vinasaba) na ELISA (vya kingamwili na protini), kukuza seli bila kuzichafua, kutunza daftari la maabara linalokaguliwa, na kufanya kazi chini ya kiwango cha ISO/IEC 17025 kwa maabara za upimaji au ISO 15189 kwa maabara za tiba. Takwimu ni za muhimu vile vile. Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi, hupakuliwa bure, na mwanafunzi anayeijua vizuri anaweza kuombea kazi za uchambuzi wa data ambazo mwenzake hawezi hata kuzigusa. Anayependa mbuga na misitu ajifunze ramani za kompyuta za GIS. Viwanda vya vyakula, vinywaji na dawa na mamlaka za maji huhitaji wanamikrobiolojia wa kudhibiti ubora, kazi ambazo mara nyingi zina ajira ya kudumu kuliko za utafiti.

Onyo moja juu ya leseni. Katika nchi nyingi shahada ya bayolojia tupu haimruhusu mtu kupima sampuli za wagonjwa hospitalini wala kusajiliwa kuwa mwalimu. Kazi ya kupima sampuli hutaka shahada au stashahada ya sayansi ya maabara ya tiba inayotambuliwa na baraza la taaluma. Kazi ya kufundisha hutaka mafunzo ya ualimu, na mara nyingi somo la pili la kufundishia. Swali hili lipelekwe kwa baraza lenyewe kabla ya kulipa ada, wala si kwa ofisi ya udahili ya chuo. Mwaka wa ziada wa kusomea ualimu baada ya shahada ni deni ambalo lingeepukwa kwa kuchagua kozi yenye ualimu ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kwako wewe mhariri tuna ombi. Gazeti linapochapisha matangazo na makala za udahili, lidai kutoka kwa vyuo namba nne kwa kila kozi: mediani ya deni la waliohitimu, mediani ya mshahara wao mwaka wa kwanza na wa tano kwa walioishia shahada hiyo, idadi ya waliomaliza kati ya 100 walioanza, na idadi ya waliopata kazi inayohitaji shahada waliyosomea. Chuo kinachosema hakina namba hizo kinaweza kuanza kwa kuwapigia simu wahitimu wake wa mwaka jana. Orodha yao kinayo, kwa maana ndiyo kinayoitumia kuwaomba michango.

Ni sisi wasomaji wako,
Washauri wa masomo na mikopo ya elimu ya juu